Nishani ya Uongo na Haki ya Waliokwenda Vitani

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa la safari hii twakusudia kueleza jambo ambalo wengi hulichukua kuwa ni mzaha wa barazani, nalo si mzaha. Jambo lenyewe ni mtu kudai kuwa alikuwa askari naye hakuwa, au kuwa alipigana vita fulani naye hakuviona, au kutundika kifuani nishani ambayo hakupewa na mwenye haki ya kuitoa. Tutaeleza kwanza nishani ni kitu gani, kisha ubaya wa dai la uongo na ni nani aliyedhulumiwa kwalo, kisha njia ya kulichunguza, na mwisho hadhari impasayo mwenye kuchunguza.

1. Nishani ni ushahidi

Nishani kwa dhati yake ni kipande cha madini na utepe wa kitambaa. Kinachoipa heshima si madini yake, bali ni neno la yule aliyeitoa: kwamba mtu huyu alikuwa mahali fulani, wakati fulani, na akatenda jambo fulani. Kwa hivyo nishani ni ushahidi uliotundikwa kifuani ili kila aonaye ausome bila ya kuuliza.

Tuchukue mfano wa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Waingereza, iliyowekwa mwaka 1856. Imefanywa kwa shaba tu, na tangu ilipowekwa haijatimia kutolewa mara 1,400. Kila aliyepewa, jina lake na sababu yake hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali huko London. Katika jeshi la K.A.R., ambalo wazee wetu wakiliita Keya, aliipata Sajini Nigel Leakey wa Kenya. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito katika nchi ya Uhabeshi, alipanda juu ya kifaru cha adui, akakifungua na kuwapiga risasi waliokuwamo, kisha akaviendea vingine, akafa hapo hapo. Nishani yake ilitangazwa mwaka 1945, naye hakuiona. Basi angalieni, kipande kile cha shaba ni badali ya roho ya mtu.

Ikiwa hivyo ndivyo, mwenye kuvaa asichopewa hakusema uongo wa kawaida. Mwongo wa kawaida husema kwa ulimi wake mwenyewe; huyu amechukua ulimi wa mwengine, akausemesha yale ambayo haukuyasema. Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kumfananisha mwenye kujishibisha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Wala hatuoni mfano ulio karibu zaidi na jambo letu kuliko huo, kwani huyu kweli amevaa.

2. Kisa kilicho karibu nasi

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Idi Amin, aliyeitawala Uganda tangu tarehe 25 Januari 1971 mpaka ulipotekwa mji wa Kampala mwezi wa Aprili 1979, alikuwa akieleza ya kwamba alipigana katika vita vikuu vya pili, huko Burma, nchi ambayo leo yaitwa Myanmar. Hesabu ya miaka yalikataa dai hilo. Vita vile vilikwisha mwaka 1945. Na daftari za jeshi zaonyesha kuwa Amin aliingia katika K.A.R. mwaka 1946, akianza na kazi ya mpishi msaidizi. Hawezi mtu kupigana katika vita vilivyokwisha kabla ya yeye kuandikwa.

Wala hakusimama hapo. Alipokuwa mtawala alijipa cheo cha Fildi Mashali, kilicho juu ya majemadari wote. Kisha akafanyiza nishani yake mwenyewe, ambayo jina lake lilitungwa makusudi ili ufupisho wake uwe V.C., sawasawa na herufi za Msalaba wa Victoria. Akaziongeza mbele ya jina lake D.S.O. na M.C., nishani mbili nyingine za Uingereza ambazo hakupata kupewa. Na baada ya serikali ya Uingereza kukata uhusiano naye mwaka 1976, alijitangaza kuwa yeye ndiye mshindi wa dola ya Waingereza, akajipa nishani kwa ushindi huo. Picha zake za siku zile zilimwonyesha kifua kimejaa nishani hata nguo yake ikalemewa.

La kusikitisha ni kwamba mtu huyu hakukosa la kweli la kusema. Ni kweli kwamba alipanda daraja kwa daraja, akawa koplo, kisha sajini, hata mwaka 1961 akawa mmoja katika Waganda wawili wa mwanzo kupewa uofisa. Ni kweli pia kwamba alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda kwa miaka mingi. Lakini hili ndilo hukumu ya uongo kwa mwenyewe: hula na ile kweli aliyokuwa nayo. Leo mtu akisikia habari za askari yule, la kwanza analotaka kujua ni lipi la kuamini.

Huenda mtu akatwambia: "Huyu alikuwa Mwislamu mwenzetu, naye amekwisha kufa huko Jidda tangu mwaka 2003. Je, hatukuamrishwa kuwataja maiti wetu kwa mema?" Twamjibu kwamba swali lake ni la haki, lakini amesahau upande mmoja. Wale waliokufa katika vita vile nao ni maiti, nao wana haki. Anayewanyamazia walionyang'anywa kwa ajili ya kumsitiri aliyenyang'anya, hakuwafanyia adabu maiti. Amewapendelea baadhi yao. Na dai lililotangazwa mbele ya walimwengu halisitiriki kwa kunyamaza kwetu.

3. Ni nani aliyedhulumiwa?

Watu husema kuwa uongo wa namna hii haumdhuru mtu. Na tuone. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambamo mlikuwa na vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za masika ya huko, kwenye matope na malaria, ikiwasukuma Wajapani mpaka mji wa Kalewa na mto Chindwin.

Na wako ambao hata huko hawakufika. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka hapa Mombasa kuelekea Colombo. Ndani yake walikuwamo karibu watu 1,000 wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, pamoja na mabaharia na wauguzi wanawake. Tarehe 12 ya mwezi ule, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani, ikazama kwa dakika chache. Waliokufa walikuwa karibu 1,300. Wale hawana kaburi ila bahari hii hii tuitazamayo kila siku.

Huko Taukkyan, nje ya mji wa Rangoon, pana jengo la ukumbusho lenye majina ya karibu watu 27,000 waliokufa katika vita vya Burma na makaburi yao hayakujulikana. Lakini si wote waliopata hata kuandikwa jina. Mwezi wa Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa sababu ya vita vikuu vya kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Hao ndio jamaa wa wale wapagazi wa Kariakoo, ambao jina lao limebaki katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi, na majina yao wenyewe yamepotea.

Basi dhuluma ni hii: aliyekwenda na akafa hana jina, asiyekwenda ana jina na nishani juu yake. Heshima ya watu haina mwisho usiojulikana. Ikimwagwa kwa asiyestahiki, humpungukia anayestahiki. Na mwana wa askari wa kweli akisema, "Babangu alikuwa Burma," watu watacheka, kwa kuwa wamekwisha kuisikia kauli hiyo kwa mwongo.

4. Sheria zafikia wapi?

Wako waliodhani kuwa sheria peke yake yatosha kuukata ubaya huu. Huko Marekani ilipitishwa sheria mwaka 2006 ya kumtia hatiani kila mwenye kudai nishani ya jeshi kwa uongo. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa California, Xavier Alvarez, aliyechaguliwa katika halmashauri ya maji, alisimama katika mkutano akasema kuwa alikuwa askari wa majini kwa miaka 25 na kwamba amepewa nishani kuu ya ushujaa ya nchi ile. Hakuwa askari hata siku moja. Alishitakiwa, lakini mwaka 2012 Mahakama Kuu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliibatilisha sheria ile kwa kuwa yavunja uhuru wa kusema. Mwaka 2013 ikatungwa nyingine, inayomshika yule tu aliyesema uongo huo kwa kutaka fedha, mali au manufaa ya namna hiyo.

Uingereza nayo ilikuwa na katazo katika sheria ya jeshi ya mwaka 1955; sheria mpya ya mwaka 2006 ikaja bila ya kulirejesha. Mswada wa kulirudisha uliletwa bungeni mwaka 2016, nalo bunge likavunjwa mwaka 2017 haujamalizika.

Lililo la faida kwetu ni hoja iliyotolewa katika hukumu ile ya Marekani: dawa ya uongo ni kuutoa ukweli hadharani. Mwaka ule ule wa 2012 wizara ya ulinzi ya huko ilifungua orodha ya waliopewa nishani kubwa, kila mtu apate kuitazama. Orodha iliyo wazi humfedhehesha mwongo bila ya mtu kumtukana.

5. Njia ya kuchunguza

Mwenye kudai hupimwa kwa mambo manne. La kwanza ni hesabu: alizaliwa lini, aliandikwa lini, na vita vile vilikuwa lini? Nyota ya Burma, kwa mfano, ni ya utumishi baina ya Disemba 1941 na Septemba 1945. Nje ya miaka hiyo haina nafasi. La pili ni karatasi: kitabu cha askari, au cheti cha kuachishwa jeshi, chenye nambari na jina la kikosi. La tatu ni tangazo la serikali, kwani nishani za ushujaa hazitolewi kwa siri. La nne ni nishani yenyewe: zile za Waingereza za vita vya kwanza aghlabu zimechorwa ukingoni jina la askari na nambari yake. Lakini nyingi za vita vya pili walizitoa bila ya jina, kwa hivyo kuwa nayo mkononi si hoja. Huenda imenunuliwa, au imerithiwa.

6. Hadhari

Hapa yatupasa tusimame, kwani mlango wa kufichua uongo hupitiwa pia na wenye husuda. Kukosekana kwa karatasi si dalili ya uongo. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika ghala la kumbukumbu za askari katika mji wa St. Louis huko Marekani, ukateketeza majalada yasiyopungua milioni 16. Askari wangapi wa kweli walibaki hawana cha kuonyesha! Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye ofisi na maghala, vipi kwa mzee wa kwetu aliyepewa karatasi moja, akaiweka katika sanduku la mbao, ikaliwa na mchwa?

Tena kumbukumbu ya mzee yaweza kuchanganya mwezi na mwezi, au kilima na kilima, wala huo si ulaghai. Basi tusimwite mtu mwongo ila baada ya kumuuliza kwa adabu, kumpa nafasi ya kujibu, na kupata dalili iliyo wazi. Na ikithibiti, tuseme kadiri iliyothibiti, tusiongeze. Mwenye kuongeza amekuwa mwenzi wa yule anayemfichua, kwani wote wawili wametoa ushahidi kwa wasilolijua.

7. Wajibu wetu

Ndugu zetu, kumfedhehesha mwongo mmoja ni kazi ndogo. Iliyo kubwa ni kumwandika mkweli kabla hajasahauliwa. Waliokwenda Burma karibu wote wamekwisha kututoka. Waliobaki ni watoto wao na masanduku yao. Kila nyumba yenye kitabu cha askari, barua yenye muhuri wa jeshi, au nishani yenye jina ukingoni, na iitoe iandikwe: jina la mtu na la babake, nambari yake, kikosi chake, mwaka aliokwenda na mwaka aliorudi, au kwamba hakurudi. Asiyekuwa na karatasi na aandikiwe yale aliyoyasikia, na iandikwe kuwa ni ya kusikia.

Tukifanya hivyo tutakuwa tumefanya mawili kwa mkono mmoja: tumewarudishia haki yao waliodhulumiwa, na tumemfungia mlango mwenye kudai, kwani ataikuta nafasi aliyoitamani imekwisha kukaliwa na mwenyewe. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa waliotenda na waliojidai.