Kukumbuka na Kukumbusha: Lugha ya Wazee Wanaoshirikisha Uchoraji na Muziki

Katika makala haya nataka kuchunguza swali linalogusa isimu na maisha ya mitaani kwetu Lubumbashi: mzee anapowapa wengine uchoraji wake au muziki wake, anafanya tendo gani, na Kiswahili kinalitaja vipi? Watu wengi hujibu kwamba anapitisha wakati. Mimi naona jibu hilo halitoshi, na sarufi ya lugha yetu yenyewe inatuonyesha sababu.

1. Vitenzi vinasema nini

Tuanze na kitenzi gawa. Ukigawa mkate, fungu lako linapungua. Ndiyo maana hatusemi kwamba mzee anagawa wimbo, kwa sababu wimbo ukifundishwa kwa watu kumi, mwenyewe bado anao wote. Tunasema anashirikisha. Mzizi ni shiriki, na kiambishi cha kusababisha kinaonyesha kwamba kuna mtu anayetiwa ndani ya jambo ambalo mwanzoni hakuwamo.

Kitenzi cha pili ndicho kiini cha hoja yangu. Linganisha sentensi hizi mbili:

Mzee anakumbuka wimbo.
Mzee anamkumbusha kijana wimbo.

Katika ya kwanza, mzee anaweza kuwa peke yake ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Katika ya pili, kiambishi -m- kinadai mtu wa pili, na bila yeye tendo halipo. Tofauti hiyo inaendelea katika nomino. Kumbukumbu inaweza kukaa ndani ya mtu mmoja hadi siku yake ya mwisho. Ukumbusho, unaotokana na kumbusha, ni kitu kilichowekwa mbele ya mwingine.

Neno hilo lina historia katika mji wetu. Katika miaka ya 1970, Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walipochunguza picha zilizotundikwa katika saluni za watu hapa, waliona kwamba wenyeji walizieleza kwa neno ukumbusho. Picha ilisifiwa kwa kuwa iliwafanya watu waliokaa chini yake waanze kuzungumza. Vivyo hivyo Tshibumba Kanda-Matulu alipomchorea Fabian historia ya nchi, alizisimulia picha zake kwa Kiswahili, na kitabu kilichotoka mwaka 1996 kina picha 101 pamoja na mazungumzo hayo. Rangi na maneno vilikwenda pamoja.

2. Mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2007. Alianza katika karakana iliyoitwa Le Hangar, ambayo Pierre Romain-Desfossés aliifungua Elisabethville mwaka 1946. Mwalimu huyo hakutaka wachoraji waige picha za Ulaya. Matokeo yalikuwa mikono mitatu tofauti chini ya paa moja: Pilipili alichora ndege, samaki na nyoka na kujaza nafasi kwa nukta na mistari midogo; Mwenze Kibwanga alitumia michirizi myembamba iliyolala sambamba; Bela Sara alichora kwa ncha za vidole. Desfossés alipofariki mwaka 1954, Pilipili na Mwenze waliendelea kama walimu katika Chuo cha Sanaa cha mji. Hapo tunajifunza kwamba kumshirikisha mtu sanaa si kumfanya akuige.

Mfano wa pili ni Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, na wimbo wake Masanga ukavuka mipaka. Enzi ya gitaa kavu ilipopita, bendi za gitaa za umeme zikatawala redio. Hata hivyo Mwingereza John Low, mpiga gitaa, alisafiri hadi Lubumbashi kujifunza kwake, kwa Losta Abelo na kwa Edouard Masengo, na mwaka 1982 akachapisha shajara ya safari ile. Upigaji huo wa kidole gumba na kidole cha shahada hausomeki vizuri kwenye karatasi. Ilibidi mtu akae mbele ya mtu.

Mfano wa tatu unatoka Kinshasa. Wendo Kolosoy, aliyezaliwa mwaka 1925, alijulikana mwaka 1948 kwa Marie-Louise, kisha akanyamaza kwa miaka mingi. Alirudi jukwaani akiwa amepita umri wa miaka 70, na alifariki mwaka 2008. Waliokuja kumsikiliza hawakuwa wazee wenzake tu. Walikuwapo pia vijana ambao wakati wa wimbo ule hata baba zao hawakuwa wamezaliwa.

3. Mkono unapochoka

Mifano hiyo ni ya watu mashuhuri. Lakini nimehudhuria pia, Jumapili kadhaa, uwanja wa mzee mmoja wa Katuba, mstaafu wa migodi, anayepiga gitaa na kuchora. Mkono wake wa kulia unatetemeka. Mistari myembamba haiwezi tena, kwa hiyo mjukuu wake ndiye anayeshika brashi, naye anasema. Niliandika anayoyasema, na niligundua mambo matatu.

Kwanza, maneno ya mahali yanaongezeka: hapa, pale chini, huku karibu na jicho la samaki. Kazi iliyofanywa zamani na mkono sasa inafanywa na viambishi vya pa-, ku- na mu-.

Pili, katika gitaa hatumii majina ya noti. Anatumia tanakali za sauti: ndi-ndi kwa kamba nene, kiri-kiri kwa nyembamba. Vijana wanazirudia kwa mdomo kabla ya kugusa kamba. Kwao tanakali hizo ndizo noti.

Tatu, amri zake ni laini. Kijana mmoja aliuliza, "Papa, mbona yangu inalia vibaya?" Akajibiwa, "Usikamate na nguvu, mwana. Acha kamba iseme yenyewe." Tuangalie kukamata, ambayo hapa kwetu ina maana ya kushika, na kamba, ambayo vitabu vingi vingeandika uzi. Msamiati wa namna hii hauko katika kamusi tunazotumia darasani.

Ni hapo ninapoona hatari yenyewe. Picha inaweza kununuliwa na kuwekwa makumbusho, na sauti inaweza kubaki katika sahani. Lakini maneno ambayo kwayo ujuzi ulipita kutoka mkono hadi mkono huondoka na mwenyewe, kama hakuna aliyekaa mbele yake. Mzee asiye na msikilizaji anabaki na kumbukumbu, na ukumbusho hauzaliwi.

4. Pendekezo kwa wanafunzi

Wengi wetu tunatafuta mada ya kazi ya mwisho wa mwaka mbali sana. Napendekeza zoezi jepesi: kila mwanafunzi amtafute mzee mmoja katika mtaa wake anayechora, anayeimba au anayepiga ala, aombe ruhusa, amsikilize akimfundisha mtu, na aandike vitu vitatu: vitenzi vya amri, maneno ya mahali na tanakali za sauti. Asimhoji tu, kwa maana mahojiano hutoa kumbukumbu, na sisi tunahitaji kumwona akifundisha. Ikiwezekana, mwanafunzi mwenyewe awe ndiye anayefundishwa.

Kazi zikikusanywa, tutakuwa na mwanzo wa msamiati wa sanaa katika Kiswahili cha Katanga. Nao wazee watakuwa wamepata kile ambacho kitenzi kumbusha kinakidai tangu mwanzo, yaani mtu wa pili.