Flashi Moja, Darasa Zima: Namna ya Kufungasha Programu Huria za Ramani kwa Wanafunzi



Somo la toleo hili linawahusu hasa wale wanaosoma jiografia, kilimo, uhandisi na afya ya jamii, kwa sababu wote hao hufika mahali wakatakiwa kuchora ramani kwa kompyuta. Lakini hata asiyechora ramani atafaidika, kwani jambo lenyewe ni hili: elimu iliyopo bure inaweza kumpita mwanafunzi kwa kukosa mtu wa kuifungasha.

Nianze na yaliyonikuta. Siku yetu ya kwanza ya mazoezi ya ramani tulikuwa wanafunzi ishirini na wawili, kompyuta kumi na moja na mtandao mmoja dhaifu. Tukaambiwa tupakue programu ya QGIS. Faili yake ya Windows inazidi gigabaiti moja. Baada ya saa mbili mmoja wetu tu ndiye aliyemaliza, wengine mega zao zimekwisha njiani. Ndipo mwenzetu mmoja akatoa mfukoni flashi yenye programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Tukaipokea kwa furaha, nami nikiwemo. Wiki haikuisha kompyuta tatu zilikuwa na virusi, na dada mmoja alipoteza sura mbili za kazi yake ya kumaliza masomo.

Nimelifikiria sana jambo lile. Programu halali na ya bure ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyeitayarisha jana yake. Mchele ulikuwa sokoni, hakuna aliyeupika.

1. Programu huria ni nini?

Programu huria ni ile ambayo mwenyewe amekupa ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake uone inavyofanya kazi, kuibadili, na kuwagawia wengine. Bei si msingi wa neno hili. Ipo programu ya bure ambayo si huria, kwa sababu huruhusiwi kuifungua wala kuigawa.

Katika ramani, programu huria ni nyingi na si za jana. GRASS ilianza mwaka 1982 katika maabara ya jeshi la Marekani, na tangu 1999 inatolewa kwa leseni ya GPL. QGIS ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, nayo iko chini ya GPL vilevile. OpenStreetMap, ambayo ni data ya ramani na si programu, ilianzishwa na Steve Coast huko London mwaka 2004, na huchorwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Mwaka 2006 iliundwa jumuiya iitwayo OSGeo, inayolea miradi mingi ya aina hii. Mkutano wao mkuu wa dunia ulifanyika jirani yetu, Dar es Salaam, mwezi Agosti 2018.

2. Kifurushi ni nini?

Hapa hatuzungumzii kifurushi cha mega. Programu ya ramani haisimami peke yake. QGIS hutegemea GDAL kusoma aina mbalimbali za faili, PROJ kubadilisha viwianishi, na GEOS kupima maumbo. Ikikosekana moja, au ikiwa toleo lake halipatani na mengine, QGIS haifunguki. Kufungasha ni kuvikusanya vitu hivi pamoja, kila kimoja katika toleo linalopatana na mwenzake, ili anayepokea asihangaike navyo.

Hicho ni kifurushi cha fundi. Kifurushi cha darasa kinahitaji vitu vinne:

(a) programu yenyewe na yote inayoyategemea;
(b) data za mahali wanafunzi wanapopajua;
(c) zoezi lililoandikwa hatua kwa hatua;
(d) leseni na chanzo cha kila kilichomo.

Vifurushi vingi vinavyopitishwa mkono kwa mkono vyuoni vina (a) peke yake. Mwanafunzi anafungua programu, anakuta ukurasa mweupe na vitufe vingi, anaifunga.

3. Mfano wa kuigwa: OSGeoLive

OSGeo ina kifurushi chake kiitwacho OSGeoLive. Ni mfumo mzima wa kompyuta, uliojengwa juu ya Lubuntu, wenye makumi ya programu huria za ramani zilizokwisha kuwekwa tayari. Unauandika kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na unaanza kazi bila kugusa chochote kilichomo katika diski ya kompyuta. Kwa chumba cha kompyuta ambacho hatuna ruhusa ya kusakinisha kitu, hii ni faraja kubwa.

Ndani yake kila programu ina ukurasa wa utangulizi na zoezi fupi la kuanzia, na data za kufanyia zoezi zimo humo humo. Sehemu ya maelezo hayo imetafsiriwa katika lugha kadhaa, Kifaransa kikiwemo. Kwa hiyo wenyewe wamekwisha kutupa (a), na mfano wa (b) na wa (c). Linalobaki ni kuleta data za kwetu na zoezi la kwetu.

Yapo mambo mawili ya kutahadhari. Kwanza, kuandika mfumo kwenye flashi, kwa mfano kwa programu ya Rufus, hufuta kila kilichokuwemo. Hamisha vitu vyako kabla. Pili, mfumo unaoendeshwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida hausahau tu, unafuta: ukizima kompyuta, kazi uliyohifadhi juu ya meza ya mfumo huo inapotea. Waambie wanafunzi mapema wahifadhi kazi kwenye flashi ya pili.

4. Kutengeneza kifurushi chetu, hatua kwa hatua

*Hatua ya kwanza: chagua swali kabla ya programu.* Kwa Bujumbura swali halitafutwi mbali. Mto Rusizi umefurika zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, na mwaka 2020 watu wengi wa Gatumba waliyahama makazi yao. Basi swali letu liwe: ni majengo mangapi ya Gatumba yaliyo ndani ya mita 500 kutoka Rusizi? Mwanafunzi aliyepokea jamaa zake waliokimbia maji hatauliza somo hili lina faida gani.

*Hatua ya pili: chagua toleo moja.* QGIS hutoa matoleo mapya mara kadhaa kwa mwaka, na moja huteuliwa kuwa toleo la muda mrefu, linalorekebishwa makosa bila kubadilishwa sura. Chukua hilo, na darasa zima litumie hilo hilo. Kitufe kikiwa juu kwa huyu na pembeni kwa yule, mwalimu atamaliza kipindi akitafuta vitufe.

*Hatua ya tatu: kata data.* Kampuni ya Geofabrik ya Ujerumani hutoa mikato ya OpenStreetMap ya nchi moja moja, Burundi ikiwemo. Pakua mara moja, kisha bakiza eneo la zoezi tu: mito, barabara na majengo. Hifadhi katika muundo wa GeoPackage. Wengi wamezoea shapefile, lakini hiyo ni faili kadhaa zinazotembea pamoja, ukinakili.shp ukaacha .dbf au .shx, umetoa ramani iliyokatika. Tena majina ya safu zake hayazidi herufi kumi. GeoPackage ni faili moja, na matabaka yote yamo ndani.

*Hatua ya nne: tengeneza mradi unaohamishika.* Weka mradi wa QGIS na data zake ndani ya folda moja, na katika mipangilio ya mradi hakikisha njia za faili zinahifadhiwa kwa kutegemea mahali mradi ulipo, si kwa anwani kamili ya kompyuta yako. Ukisahau hili, mradi utafunguka kwako tu. Kwa wengine utatafuta folda yenye jina lako, ambayo hawana.

*Hatua ya tano: weka viwianishi sawa.* Hapa ndipo wengi huanguka. Data za OpenStreetMap huja katika digrii za latitudo na longitudo, mfumo wenye namba 4326. Mwanafunzi akiomba ukanda wa 500 kuuzunguka mto, programu itaelewa digrii 500, si mita 500. Digrii moja kwetu ni karibu kilomita 111! Kwa hiyo badilisha kwanza data ziwe katika mfumo wa mita. Kwa Bujumbura ni UTM kanda ya 35 Kusini, namba 32735.

Na hapa Burundi tuna mtihani wa pekee. Mpaka wa kanda ya 35 na ya 36 ni longitudo ya digrii 30 Mashariki, nao unaikata nchi yetu. Bujumbura na Gitega ziko kanda ya 35. Muyinga, Ruyigi na Cankuzo ziko kanda ya 36, namba 32736. Kifurushi kilichotengenezwa Bujumbura kikipelekwa Muyinga bila kubadilishwa, data mpya za huko zitakuwa nje ya kanda yake. Andika namba hii kwa herufi kubwa katika ukurasa wa kwanza wa maelekezo.

*Hatua ya sita: andika maelekezo kama unamwandikia mdogo wako.* Kila hatua sentensi moja na picha moja. Baada ya kila hatua tatu, mwambie anachopaswa kuona kwenye kioo. Asipokiona, mwambie arudi wapi.

*Hatua ya saba: jaribu pagumu.* Usijaribu kwenye kompyuta yako. Chukua iliyo kuukuu kuliko zote chumbani, zima mtandao, mpe mtu ambaye hajawahi kuchora ramani, nawe ukae kimya. Kila mahali atakapokwama, kosa ni la kifurushi.

*Hatua ya nane: tia muhuri.* Flashi zetu hupita mikono mingi na hubeba virusi. Andika alama ya SHA-256 ya faili zako kwenye karatasi au ubao wa chumba. Atakayepokea ataipima nakala yake, na herufi moja tu ikitofautiana atajua faili imeguswa au imeharibika.

5. Amana iliyo ndani ya kifurushi

Wengine hudhani kwamba kwa kuwa ni bure, hakuna masharti. Sivyo. Leseni ya GPL inasema anayemgawia mtu programu ampe pia msimbo chanzo wake, au ahadi ya maandishi kwamba atampa akiutaka. Njia nyepesi ni kuweka msimbo wa toleo lile lile katika folda ndani ya flashi. Hairuhusiwi kufuta majina ya walioitengeneza wala kumzuia aliyepokea asigawe naye. Kuchukua gharama ya flashi na ya kazi yako inaruhusiwa.

Data za OpenStreetMap nazo, tangu 2012, ziko chini ya leseni ya ODbL. Ramani itakayotoka darasani iandikwe kwamba data ni za wachangiaji wa OpenStreetMap. Ukiiboresha hifadhidata yenyewe ukaisambaza, uisambaze kwa leseni hiyo hiyo.

Tulioipokea ile flashi ya programu iliyovunjwa tulijiambia kwamba kampuni ni tajiri na sisi ni maskini. Lakini haki ya mtu haipungui kwa utajiri wake. Na huu udhuru wa umaskini ni dhaifu zaidi pale ambapo kilicho halali kipo, ni cha bure, na kinatosha kazi yetu. Mwenye programu huria amekupa mali yake kwa masharti mepesi kuliko yote: taja jina langu, na mpe mwenzako kama nilivyokupa. Kuyatimiza hayo ni amana.

6. Jibu la zoezi lisomwe vipi?

Mwanafunzi atakapopata idadi ya majengo, asikimbilie kuitangaza. Mambo mawili ayajue. Kuwa karibu na mto si sawa na kufikiwa na maji. Nyumba iliyo mita 300 juu ya mwinuko inaweza kusalimika, na ya mita 800 bondeni ikazama. Kwa hilo zipo data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, kila nukta yake takriban mita 30. Ziwe zoezi la pili.

La pili ni zito zaidi: nyumba ambayo haijachorwa haihesabiwi. Ukikuta mtaa unaoujua kwa macho hauonekani kwenye ramani, wenye nyumba zile hawamo katika jibu lako, na hawatakuwamo katika mpango wa msaada unaotegemea ramani hiyo. Basi usiishie kulalamika. Fungua akaunti ya OpenStreetMap, uwachore. Kifurushi cha mwaka ujao kitakuwa bora kwa mkono wako.

Maswali ya kujipima

1. Taja vitu vinne vya kifurushi cha darasa. Kipi hukosekana katika flashi unazozijua?
2. Kwa nini GeoPackage inafaa zaidi kuliko shapefile kwa kugawa?
3. Mwenzako wa Ruyigi anataka kutumia mradi wako wa Bujumbura. Atabadilisha nini?
4. Umegawa QGIS kwa wanafunzi kumi. GPL inakudai nini?

Ndugu zangu, mhula ujao wataingia wanafunzi wapya na watakaa mbele ya kompyuta zile zile. Watu wawili, flashi kumi na jioni mbili za kazi zinatosha ili saa yao ya kwanza isipotee kama ilivyopotea ya kwetu. Aliye tayari aseme sasa, kabla mitihani haijatushika.

Wabillahi tawfiq.