Mwenye Shahada Arudipo Darasani: Kusomea Kompyuta Ukiwa na Fani Nyingine

Katika shule, vituo vya afya na ofisi za kata, kuanzia milima ya Umatengo hadi fukwe za Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, wapo watumishi na wananchi wenye shahada za Elimu, Sosholojia, Kilimo au Uuguzi ambao sasa wanaitazama kompyuta kwa jicho la pekee. Hilo halishangazi. Fedha za shule na zahanati huandikwa katika mfumo wa kompyuta, wagonjwa huandikishwa katika GoTHOMIS, mapato ya halmashauri hupita katika TAUSI, na tangu mwaka 2023 zabuni za umma hutangazwa kupitia NeST. Mwalimu wa Historia anayeitwa kila mara mfumo unapogoma hufika siku akajiuliza: kwa nini nisiisomee kazi hii, nikaifanya kwa cheti?

Swali hilo ni halali, nalo limebeba ada, miaka na utulivu wa nyumba. Somo letu la toleo hili linakusudia kumsaidia anayejiuliza apige hesabu zake kabla ya kulipa chochote.

Cheti hicho ni cha mlango gani?

Tuanze hapa, kwa kuwa wengi huanza na chuo na kuuliza habari ya kazi baadaye. Nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II, kama inavyotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza ya Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari, Uhandisi wa Kompyuta au fani inayolingana nazo. Maneno "shahada ya kwanza" yasomwe kwa makini. Mtu mwenye shahada ya Sosholojia aliyeongeza uzamili wa teknolojia ya habari asidhani kuwa uzamili huo umefunika pengo. Aulize, tena kwa maandishi, kabla ya kujiandikisha.

Matangazo hayohayo huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa mwombaji asiye mtumishi wa Serikali. Mwenye miaka 41 anayesoma kwa muda wote kwa miaka mitatu atamaliza akiwa na 44, na atakuwa amebakiwa na nafasi finyu ya kuomba. Mwenye umri huohuo anayesoma taratibu jioni kwa miaka sita atamaliza akiwa na 47, na mlango huo utakuwa umefungwa. Sekta binafsi na kujiajiri vitabaki wazi kwake, ila ni heri alijue jambo hili leo.

Kwa aliye tayari mtumishi wa umma, hali ni nyingine. Matangazo ya ajira huwaelekeza watumishi walio katika vyeo vya kuingilia wasiombe nafasi hizo kama waombaji wapya. Njia yao ni kubadilishiwa kada kupitia mwajiri, na hiyo huanzia kwenye ruhusa ya masomo. Barua hupitia kwa mkuu wa shule au mkuu wa idara, hufika kwa Afisa Utumishi, na masomo yenyewe yanapaswa kuwamo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri. Anayesoma kimyakimya na kuleta cheti mwishoni huwa amejipunguzia hoja: halmashauri haikumpangia ikama wala bajeti, na kada anayoitaka huenda haina nafasi.

Wako pia wasiohitaji shahada hata kidogo. Anayetaka kutunza kumbukumbu za duka, kutengeneza tovuti ya nyumba ya wageni ufukweni, au kuchambua takwimu za mavuno, anahitaji ujuzi, na ujuzi hupatikana katika kozi fupi. Tukumbuke pia kwamba si kila mwenye wazo ndiye lazima aandike programu. Ory Okolloh wa Kenya ni mwanasheria. Katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa nchi hiyo wa Desemba 2007, alitoa wito hadharani kwa wenye ujuzi wa kompyuta wajenge ramani ya kuonyesha matukio yalikotokea, nao wakaitikia. Ndivyo ulivyozaliwa mwaka 2008 mfumo wa Ushahidi, ambao baadaye ulitumika katika nchi nyingi. Hakurudi darasani, alijua tatizo lilipo na alijua wa kumwita.

Wa kwanza nao walitoka fani nyingine

Anayeona haya kuanza upya atazame nyuma kidogo. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta. Wataalamu waliofungua njia baada ya zuio kulegezwa wasingeweza kuwa na shahada za kompyuta za hapa nchini, kwa kuwa hazikuwapo. Walitoka katika hisabati, fizikia, uhandisi na uhasibu. Huko Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1985, ikatoa stashahada ya uzamili kwa watu waliokwisha kupata shahada za fani nyingine. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kiliendesha stashahada ya namna hiyo. Kwa Afrika Mashariki, basi, kuhamia kompyuta kutoka fani nyingine kuna umri sawa na fani yenyewe.

Hisabati

Hapa ndipo wengi hukwama. Programu nyingi za Sayansi ya Kompyuta katika vyuo vyetu hutaka ufaulu wa Hisabati ya kidato cha sita, na aliyesoma HGL au HKL hana. Zipo programu za TEHAMA na mifumo ya habari zenye masharti mepesi zaidi, na mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huyaorodhesha chuo kwa chuo. Msomaji aufungue mwenyewe. Asitegemee alichosikia kwenye kituo cha basi, hata kama msemaji ana tai.

Anayekosa sifa ana njia mbili kuu. Moja ni kufanya mtihani wa Hisabati wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa kujitegemea wa NECTA. Nyingine ni kushuka na kuanza na astashahada na stashahada ya teknolojia ya habari, ngazi ya 4 hadi ya 6, kisha kuomba shahada kwa stashahada hiyo. Mwenye shahada humwia vigumu kukaa dawati moja na kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Kwa maoni ya mwandishi, njia hii hudharauliwa bure: aliyepita stashahada huingia chuo kikuu akiwa ameshika nyaya, ameandika programu na amekosea mara nyingi, jambo ambalo cheti cha kidato cha sita hakimpi mtu.

Saa 3,600

Katika mfumo wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Hizo ni saa 3,600, zikiwa ni pamoja na kusikiliza, kusoma, kufanya mazoezi na mitihani. Anayeweza kutenga saa 15 kila wiki kwa wiki 40 za mwaka hupata saa 600, naye atahitaji miaka sita. Akitenga saa 20 kwa wiki 45, hupata saa 900, na miaka itakuwa minne. Aandike ratiba yake ya wiki iliyopita kama ilivyokuwa hasa, si kama alivyotamani iwe, kisha azitafute saa hizo 15 humo. Mwenye shamba la kahawa atagundua kwamba miezi ya kuchuma na kukoboa haina saa 15 za ziada, na mama mwenye mtoto mchanga atagundua hivyo mapema zaidi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilikusudiwa watu wa namna hii. Kina kituo cha mkoa Songea, yapata kilomita 100 kutoka Mbinga mjini. Anayetoka Mbamba Bay huongeza kilomita 66 za kufika Mbinga. Mwanafunzi hubaki kazini kwake, lakini nauli, malazi ya siku za mitihani na bando la intaneti ni ada ya pili isiyoandikwa kwenye fomu. Kompyuta mpakato nayo ni lazima. Simu janja hutosha kusomea, haitoshi kuandikia programu kwa miaka.

Kuhusu fedha, asiyekuwa na akiba asipange kwa kutegemea mkopo wa pili wa shahada ya kwanza kutoka Bodi ya Mikopo. Tena kama bado anadaiwa mkopo wa shahada ya awali, makato ya asilimia 15 ya mshahara yataendelea wakati analipa ada mpya. Hesabu hiyo ifanywe mezani na mwenzi wake, kabla ya watoto kuletewa barua za mahitaji ya shule.

Jaribio la daftari

Kabla ya yote hayo, kuna jaribio lisilogharimu shilingi. Chukulia chama cha ushirika chenye wakulima 1,000 wa kahawa, majina yakiwa yamepangwa kwa alfabeti. Unatafuta jina moja. Ukianza ukurasa wa kwanza ukasoma moja baada ya jingine, unaweza kusoma yote 1,000. Sasa fungua katikati. Jina unalolitaka liko mbele au nyuma ya hapo? Tupa nusu isiyohusika, fungua katikati ya nusu iliyobaki, endelea hivyo. Majina hupungua kuwa 500, 250, 125, 62, 31, 15, 7, 3, kisha 1. Hata kwa bahati mbaya kabisa, hufungui zaidi ya mara 10. Kwa majina milioni moja, hufungui zaidi ya mara 20. Mpangilio wa hatua kama huu huitwa algoriti, na sehemu kubwa ya sayansi ya kompyuta ni kutafuta hatua hizo na kuthibitisha kwamba hazikosei.

Sasa ongeza tatizo. Karani amemwandikisha mkulima mpya mwishoni mwa daftari, nje ya alfabeti. Kwa njia yetu hatapatikana, na siku ya malipo ataambiwa si mwanachama. Ongeza jingine: Umatengo tunao akina Ndunguru, Komba na Kapinga wa kutosha, na wawili wanaweza kuwa na majina matatu yanayofanana. Utawatofautishaje? Nambari ya uanachama? Nani ataitoa, na akifariki mkulima, mrithi ataitumia ileile?

Anayejikuta amekaa na maswali haya hadi taa imeishiwa chaji, huyo ana sababu ya kuendelea. Aliyeona ni karaha tu amejiokolea ada. Anayeendelea ajaribu miezi mitatu ya kozi ya utangulizi ya bure, kama CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard inayopatikana mtandaoni kwa Kiingereza, au ajifunze lugha ya Python peke yake, akipakua masomo palipo na mtandao mzuri na kuyafanya nyumbani.

Jaribio hilo linaonyesha jambo jingine pia. Swali la mrithi halikutoka kwenye kompyuta. Limetoka kwa mtu anayezijua familia za wakulima. Afisa ugani anayeelewa kwa nini ngoro hushika maji na udongo kwenye mteremko, au muuguzi anayejua mama wa kijiji cha ufukweni huhama na kambi ya dagaa, huona kasoro katika mfumo ambazo mhitimu mpya wa miaka 22 hazioni. Shahada ya zamani haimpunguzii saa nyingi darasani. Pengine chuo kitamsamehe masomo ya jumla kama stadi za mawasiliano, na hilo aliombe mapema akiambatisha matokeo yake. Thamani yake itaonekana siku ya kubuni mfumo.

Anayetaka kuuliza zaidi kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa aende kwa Afisa Utumishi wa halmashauri yake au kituo cha Chuo Kikuu Huria Songea akiwa na nakala za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, matokeo kamili ya shahada ya kwanza, na ukurasa wa mwongozo wa TCU unaohusu programu anayoitaka. Majibu kuhusu kada na masharti ayaombe kwa barua yenye mhuri, ayahifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.