Ugoro Mfukoni, Mzizi Mdomoni: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Kando ya Ziwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu ambao kazi yao haisubiri usingizi: mvuvi wa omena anayengoja usiku wa giza ndipo awashe taa zake majini, mwendesha bodaboda wa Kisumu, mama muuza samaki anayefika ufuo wa Dunga kabla ya alfajiri, mkulima wa tumbaku kule Migori. Wengi wao wana kitu cha kuwafanya wakeshe au cha kuwatia nguvu. Kimoja hutoka kwenye tumbaku, kingine kwenye mti wa dawa. Kila kimoja kina muuzaji wake, na wauzaji hao hawajuani.

Nikotini huharakisha mapigo ya moyo, hubana mishipa na kupandisha presha. Hufanya hivyo ikiingia kwa moshi, kwa ugoro, au kwa vile vifuko vidogo vyeupe vinavyowekwa chini ya mdomo. Ugoro una jambo lake la ziada. Mara nyingi husagwa pamoja na magadi, na magadi huifanya nikotini ipenye haraka zaidi kwenye ngozi laini ya mdomo na pua. Kwa hiyo ugoro wa wauzaji wawili, hata ukilingana kwa macho, si kipimo kimoja. Anayesema “mimi sivuti, natumia ugoro tu” bado ni mtumiaji wa nikotini, na amwambie hivyo muuguzi anayempima presha.

Sasa tuje kwenye mizizi. Mukombero unaotafunwa mjini Kisumu husifiwa kwa kuondoa uchovu na kuongeza nguvu za kiume. Utafiti mwingi kuuhusu umefanywa kwa panya. Hata hivyo, mzizi mbichi unaouona kwa macho haunitii hofu kama unga wa pakiti na dawa za chupa zinazoahidi nguvu za usiku mmoja. Katika nchi nyingi, maabara zimekuta ndani ya bidhaa za aina hiyo dawa ya viwandani iitwayo sildenafili, ambayo haikutajwa kwenye lebo. Dawa hiyo hulegeza mishipa na kushusha presha. Ikikutana na dawa za moyo za kundi la nitrati, presha inaweza kuanguka ghafla hadi kuua. Mvutaji wa miaka mingi ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa na moyo uliokwisha kudhurika bila yeye kujua. Kabla ya kununua, tafuta namba ya usajili ya Bodi ya Dawa na Sumu. Isipokuwepo, rudisha pakiti mezani.

Miraa na muguka ni habari nyepesi kueleza: kathinoni iliyomo husukuma moyo upande uleule ambao nikotini inausukuma. Ukitafuna huku unavuta, ukaongeza kahawa au kinywaji cha nguvu cha kopo, umewafunga ng'ombe watatu kwenye jembe moja. Mwenye presha aache mchanganyiko huo kabisa.

Jambo ambalo wengi hawajaambiwa linamhusu anayeacha sigara. Moshi wa sigara, wala si nikotini, huamsha kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Mvutaji huimaliza kafeini upesi, karibu mara mbili ya asiyevuta. Akiacha kuvuta, ini hutulia ndani ya siku chache, lakini yeye huendelea na vikombe vilevile. Hapo huja kutetemeka, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, naye hudhani ni hamu ya sigara, kisha anarudi kununua moja kwa muuza peremende. (Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini kila mtu anajua pa kuipata.) Unapoacha, punguza kahawa na vinywaji vya nguvu kwa nusu tangu siku ya kwanza. Ikiwa unatumia theofilini kwa ajili ya pumu, au klozapini au olanzapini kwa ajili ya ugonjwa wa akili, mwambie daktari kabla ya kuacha, kwa kuwa dozi huenda ikahitaji kupunguzwa.

Usimwamini anayeuza dawa ya “kusafisha mapafu”. Nchini Finland, utafiti uliotangazwa mwaka 1994 uliwafuatilia wanaume wavutaji zaidi ya 29,000. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, kirutubisho cha rangi ya karoti, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. Karoti ya sahani haina lawama hapa. Kidonge ndicho mvutaji akiepuke. Sigara za majani ya dawa zisizo na tumbaku nazo hutoa lami na kaboni monoksidi kama moshi mwingine wowote.

Kwa mkulima wa Migori: jani la tumbaku lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi. Kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika na kuumwa kichwa baada ya kuchuma huweza kudhaniwa malaria, na mtu akanyweshwa manyasi, yaani dawa za mitishamba, nyumbani. Toka shambani, vua nguo zilizolowa, oga kwa sabuni, kisha nenda ukapimwe. Vaa glovu na koti la mvua, na usichume mpaka majani yakauke.

Maumivu ya kifua, kuzimia, mapigo yasiyo na mpangilio, kupumua kwa shida au degedege si mambo ya kungojea asubuhi. Nenda hospitali iliyo karibu, iwe ya kaunti ndogo au ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji bado huiita Russia. Taja kila ulichovuta, ulichonusa na ulichotafuna. Daktari hakuulizi ili akushtaki. Na ubebe chupa, pakiti au kipande cha mzizi wenyewe, maana jina ulilotajiwa sokoni linaweza kuwa la mimea mitatu tofauti.