Kufundisha Upandaji wa Miti ya Makazi: Mafunzo Tuliyoyapata Titye

Mwanachuo anayehama kutoka chuo kimoja hadi kingine huhama na madaftari yake, lakini mvua haihami pamoja naye. Jambo hili tulijifunza kwa hasara, nasi twalieleza hapa ili walimu wanafunzi wasilirudie.

Masomo yetu ya utunzaji wa miti ya mijini tuliyaanza katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Huko tulifundishwa kwamba msitu wa mji ni miti yote iishiyo baina ya watu: ya kando ya barabara, ya sokoni, ya viwanja vya shule na ya nyuani. Tulifundishwa pia kalenda ya pwani, yenye vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Tulipohamia chuo cha nyanda za juu za Kigoma, alama zetu zilikubaliwa, nasi tukadhani kuwa maarifa yetu yote yatafaa huku.

Katika mazoezi ya kufundisha huko Titye, wilayani Kasulu, tuliwaongoza wanafunzi wa darasa la tano kupanda miche 20 uwanjani. Tuliipanda katikati ya Aprili, kama tulivyozoea. Mzee mmoja jirani wa shule alituuliza kwa upole, "Walimu wangu, mbona mnapanda wakati mvua inaaga?" Hatukuwa na jibu. Mvua za Kasulu na Kibondo ni za msimu mmoja, huanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili au Mei. Miche yetu ilikutana na kiangazi kabla mizizi haijashuka.

Hebu tupime kosa hilo kwa hesabu. Kila mche ulihitaji lita 5 za maji mara mbili kwa juma. Miche 20 ilihitaji lita 200 kwa juma. Na kwa majuma 17, tangu Juni hadi Septemba, lita 3,400, yaani ndoo 170 za lita 20. Maji hayo yalibebwa na watoto kutoka bondeni, nusu ndoo kwa nusu ndoo, badala ya kubebwa na mawingu. Hata hivyo, ni miche sita tu iliyofika Novemba.

Kwa nini somo hili ni la lazima huku? Katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu wengi wa mkoa huu walitoka katika makazi yaliyotawanyika, wakakaa katika vijiji vilivyopangwa. Nyumba zilipokaribiana, kuni na miti ya kujengea vilitafutwa karibu na nyumba hizo. Mahali pa miti pasipotengwa mapema, huwa vigumu kupapata kijiji kinapogeuka mji.

Twapendekeza hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: kuuliza. Watoto wawaulize wazee mvua ya kwanza hunyesha lini, na miti gani ilikuwapo zamani. Waandike majina kwa Kiha na kwa Kiswahili. Mwalimu mgeni naye aandike.

Hatua ya pili: kuchora. Darasa lichore ramani ya uwanja, likionyesha kila mti na kazi yake: kivuli, matunda au kuzuia upepo. Sehemu zilizo tupu zitaonekana zenyewe.

Hatua ya tatu: kuchagua. Mti mrefu usipandwe chini ya nyaya za umeme wala karibu na ukuta. Mkaratusi hunywa maji mengi, basi uwe mbali na kisima. Mwembe upewe nafasi ya kutandaza matawi, yapata mita 10.

Hatua ya nne: kupanda. Kitalu kianzishwe Juni, na mashimo yachimbwe Septemba. Miche ipandwe baada ya mvua kulowesha udongo barabara, na mfuko wa plastiki uondolewe kwanza. Majani makavu yatandazwe kuzunguka mche bila kugusa shina, na uzio wa miti uuzuie mbuzi.

Hatua ya tano: kukabidhi. Kila kikundi kitunze mche wake na kuupima kila mwezi. Wanafunzi wa darasa la saba wanapoondoka, waukabidhi kwa wadogo zao mbele ya shule nzima.

Tulirudi Titye Novemba iliyofuata, tukapanda upya pamoja na watoto wale wale, na yule mzee akiwa mwalimu wetu. Tulianza kwa kuwaambia watoto kwamba kosa la Aprili lilikuwa letu, si lao. Hatukupungukiwa na heshima kwa kusema hivyo. Ujiji, katika mkoa huu huu, miembe ya zama za misafara ya karne ya 19 ilidumu muda mrefu baada ya waliyoipanda kusahauliwa. Nasi tuwafunze watoto kupanda kivuli cha watu wasiowajua.

Maswali ya mazoezi

1. Shule yako ina miche 35. Kwa kipimo tulichotumia, itahitaji ndoo ngapi za lita 20 kwa juma moja la kiangazi?
2. Tayarisha maswali matano ambayo watoto watamwuliza mzee kuhusu mvua na miti ya mahali pao.
3. Umehamishiwa shule ya wilaya usiyoijua. Ni mambo gani utakayoyachunguza kabla ya kuchimba shimo la kwanza?