Jinsi Vituo vya Televisheni Vinavyogawiwa Chaneli

Mtazamaji anapobadilisha chaneli huona picha moja ikitoweka na nyingine ikitokea. Yeye huenda akadhani kwamba namba ile ni jina tu. Kwa mhandisi, chaneli ni kipande maalumu cha masafa, na kipande hicho hakiwezi kutolewa ovyo. Makala hii yaeleza sababu zake.

Masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja. Kipimo chake ni hezi; hezi milioni moja ni megahezi moja (MHz). Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo, ukigawanya 300 kwa masafa yaliyo katika MHz, hupata urefu wa wimbi kwa mita. Wimbi la MHz 50 lina urefu wa mita 6. La MHz 600 lina nusu mita tu. Ndiyo maana antena ya masafa ya chini huwa na vijiti virefu, na ya masafa ya juu vijiti vifupi.

Picha inayotembea huhitaji nafasi kubwa kuliko sauti. Katika Afrika, eneo zima la mawimbi ya kati ya redio lina upana wa MHz 1 na kidogo tu. Chaneli moja ya televisheni katika bendi ya VHF ilipewa MHz 7, yaani zaidi ya mara sita ya eneo hilo lote. Kati ya MHz 174 na 230 hupatikana chaneli 8 tu, ambazo zilipewa namba 5 hadi 12.

Kwa kuwa chaneli ni chache, hapana budi chaneli moja itumike katika miji mingi. Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Vituo viwili vyenye chaneli moja vikikaribiana, mawimbi yake huingiliana: katika mtambo wa analogia picha hujaa michirizi, na katika mtambo wa dijitali hukatika au hupotea kabisa.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa gharama. Baada ya vita vya pili vya dunia, vituo vyake viligawiwa chaneli chache za VHF. Punde ikagundulika kwamba tabaka la chini la angahewa huyafikisha mawimbi mbali kuliko ilivyokadiriwa. Septemba 1948, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilisimamisha utoaji wa leseni mpya, na mpango mpya haukutolewa mpaka Aprili 1952. Kwa chaneli za VHF, vituo vya chaneli moja vilitakiwa kutengana kwa maili 170 hadi 220 kufuatana na kanda, yaani takriban kilomita 270 hadi 350. Tena zikaongezwa chaneli 70 za UHF.

Katika mpango huo lilizuka swali la haki: je, chaneli zote zipewe wafanyabiashara? Frieda Hennock, mwanamke wa kwanza kuwa mjumbe wa tume hiyo, alishikilia kwamba elimu itengewe sehemu yake kabla nafasi hazijakwisha. Nafasi 242 zikatengwa, lakini 162 kati yake zilikuwa za UHF, na seti nyingi za wakati ule hazikuweza kupokea UHF. Ilibidi ipitishwe sheria mwaka 1962 ya kuwataka watengenezaji watoe seti zenye kupokea chaneli zote. Kumbe fungu lililoandikwa katika karatasi halimfai mtu asiye na chombo cha kulipokea.

Mawimbi hayatambui mipaka ya nchi. Tanga na Mombasa zimeachana kwa kilomita 130 hivi, na hewa iliyo juu ya bahari yenye joto huweza kuyapeleka mawimbi mbali zaidi. Kwa hiyo nchi hupatana kupitia Shirika la Mawasiliano la Kimataifa. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi za Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia zilikubaliana juu ya mpango wa televisheni ya dijitali, ambayo hupitisha vipindi vya vituo kadhaa katika chaneli moja. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analogia tarehe 31 Desemba 2012. Mikutano iliyofuata ule wa Geneva iliruhusu masafa yaliyo juu ya MHz 694, yaliyokuwa ya televisheni, yatumiwe na simu za mkononi.

Masafa hayachakai kwa kutumiwa, wala hayaongezeki. Kila anayepewa fungu humpunguzia mwingine nafasi. Kwa hiyo mgawanyo wake ni kazi ya hesabu na ya haki pia.

Mazoezi
1. Tafuta urefu wa wimbi la MHz 200.
2. Kati ya MHz 470 na 694, zaweza kupatikana chaneli ngapi zenye upana wa MHz 8?
3. Jadili: katika kugawa masafa, nani astahili kufikiriwa kwanza?