Dondoo muhimu: Gauni la khanga kwa mtoto mdogo

Ifue khanga kabla ya kuikata. Pamba hurudi ikilowa, na khanga mpya huchuja rangi. Usikisie vipimo kwa umri: tandaza gauni linalomtosha sasa, chora kwa chaki, ongeza sentimita 2 za mshono kila upande, na upana zaidi shingoni panapokunjwa na lastiki. Pindo likae chini, ndilo pambo lenyewe. Juu yake piga kwa mkono mkunjo mpana wa ndani. Mwakani utaufumua, gauni lirefuke. Vifungo achana navyo, mtoto huvitia mdomoni. Lastiki ijaribu mwilini kwanza: ikivutwa ipite kichwani kwa urahisi, ikitulia isiache alama.